Darasa Lililomtazama Mikono

Twahiru Mbaraka alijiandikisha chuo kikuu kwa sababu foleni ilikuwa fupi.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa megafoni. Kwa miaka minne alisimama mbele ya duka la magodoro mjini Goma akiwaita wapita njia, na majirani zake wa Katindo walisema kwamba Twahiru akikohoa tu, mtu wa Kibati, nje ya mji, anamjibu. Kwenye harusi alitangaza zawadi. Kwenye mechi za mtaani alitangaza magoli, hata yale ambayo refa alikuwa ameyakataa. Mama yake, Mama Fatuma, alimpenda sana mwanawe, lakini alimpenda zaidi akiwa kazini.

Huyo mama ndiye aliyemwambia kwamba kuita watu kwenye magodoro si kazi ya kuzeekea nayo. Basi Twahiru akavaa shati la Ijumaa, akabeba cheti chake cha sekondari ndani ya bahasha, akaenda chuoni. Alikuta meza sita uani. Foleni ya sheria ilikuwa imetoka nje ya lango na kupinda kuelekea barabarani. Ya udaktari ilikuwa na watu waliokuja na viti. Kwenye meza ya mwisho, chini ya karatasi iliyoandikwa “Éducation spéciale”, palikuwa na karani mmoja anayemenya chungwa.

“Mama, hii special ni ya nani?” Twahiru aliuliza.

“Ni ya batoto ba special, papa,” karani akajibu bila kuinua macho. “Unaandika ao hauandiki?”

Twahiru akafikiri haraka. Watoto maalum. Watoto wa magavana, wa majenerali, wa wenye mahoteli kule ufukweni, wanaopelekwa shule kwa gari lenye kiyoyozi. Watoto kama hao lazima wawe na walimu wao, na walimu wao lazima wawe na masomo yao. Akaona foleni ya sheria ilivyopinda, akawaonea huruma wale wajinga, akaandika jina.

Jioni hiyo baba yake, Papa Mbaraka, dereva wa lori mwenye asili ya Maniema, aliipokea habari kwa furaha kubwa. Kabla ya swala ya isha msikiti mzima ulikuwa umeshajua. “Mutoto wangu atafundisha batoto ba bakubwa,” aliwaambia watu huku wakivua viatu. “Si batoto bote. Ba special tu.”

Somo la kwanza lilifundishwa na Profesa Zihindula, mtu mwembamba aliyevaa koti moja la kijivu kiangazi na masika. Wanafunzi walikuwa saba. Profesa hakuwasalimu. Aligawa vitambaa vyeusi, akawaamuru wafunge macho, kisha akawatoa uani kwenye mawe ya volkano na kuwaambia waende mpaka kwenye ukuta wa pili na kurudi.

Twahiru alidhani ni mchezo wa kuwatesa wageni, kama wanavyofanya vyuoni. Akaenda kwa kishindo, akigonga vidole kwenye kila jiwe, mpaka alipogongana kifua kwa kifua na mtu mrefu, mwembamba na mgumu.

“Pardon, papa,” akasema kwa heshima.

Mtu hakujibu.

“Nimesema pardon, muzee wangu!”

Alipovua kitambaa alikuwa anazungumza na mlingoti wa bendera, na nusu ya chuo ilikuwa dirishani.

Waliporudi ndani ndipo Profesa Zihindula alipoeleza: mwalimu wa elimu maalum ni mwalimu wa watoto wasioona, wasiosikia, wanaochelewa kujifunza, wanaotembea kwa shida, wote ambao shule za kawaida huwarudisha nyumbani siku ya kwanza. Twahiru aliinua mkono, akauliza kama hakuna tawi la watoto wa magavana. Profesa akaandika kitu kwenye daftari lake.

Kumwambia baba kulimchukua wiki mbili. Alichagua wakati mzee anakula, maana mdomo uliojaa hauna maswali mengi.

“Papa, ile special si ile tuliwaza.”

“Iko gani basi?”

“Ni ya batoto benye hawasikie, benye hawaone. Bale.”

Papa Mbaraka akatafuna, akameza, akanywa maji.

“Hata batoto ba bakubwa banaweza kukosa kusikia,” akasema mwishoni.

“Ndiyo, papa.”

“Basi miye sikudanganya mutu ku musikiti. Endelea na masomo.”

Akaendelea. Mwanzoni aliendelea kwa sababu ya aibu ya kuacha, lakini mwaka wa pili alijikuta anawahi viti vya mbele. Alipenda nukta za maandishi ya wasioona, alivyoweza kuzisoma kwa kidole ndani ya mfuko wa suruali huku mhadhara mwingine ukiendelea. Alijifunza kumwandikia kila mtoto mpango wake. Alikariri maana saba za uziwi pamoja na majina ya waliozitunga, na aliweza kuchora sikio lote, na kila kifupa ndani yake, kwa dakika nne. Jambo moja tu lilikosekana: kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumkutanisha na kiziwi mmoja.

Lugha ya ishara walijifunza kutoka kitabu kilichotolewa nakala, na nakala ya nakala, na nakala ya hiyo tena, mpaka mishale yote ikafutika. Uliuona mkono vizuri kabisa. Ulipotoka na ulipokwenda, hukujua. Profesa Zihindula, ambaye alikuwa mwaminifu, alisema hata yeye hajui, ila kwenye mtihani wachore mkono tu.

Mwaka wa mwisho wanafunzi hupelekwa shuleni kufanya mazoezi ya kazi, wanayoyaita staji. Twahiru alipangiwa shule ndogo ya watoto viziwi kule Keshero, vyumba vinne vya mbao juu ya mawe meusi, karibu na ziwa kiasi cha kusikia boti, kwa anayesikia.

Msimamizi wake alikuwa Mama Nyiransengimana, mwalimu wa miaka hamsini na kitu kutoka Rutshuru, mnene, mtulivu, kiziwi tangu surua ya utotoni. Shingoni alivaa daftari dogo lililofungwa kwa kamba ya viatu, na humo aliwaandikia watu wasiojua ishara. Siku ya kwanza alimtazama Twahiru kuanzia viatu mpaka kofia, akaandika: “Ingia. Nitakaa nyuma.”

Twahiru alifungua mlango wa darasa, akajaza kifua, akasema kwa ile sauti ya magodoro:

“BONJOUR, BATOTO!”

Kunguru wawili waliruka kutoka kwenye bati. Darasani watoto kumi na wanne waliendelea na mambo yao. Mmoja alikuwa anachonga penseli. Hakuna aliyegeuka, isipokuwa Mama Nyiransengimana, aliyeona tu kwamba kioo cha dirisha kimetetemeka, akaandika kitu.

Akakumbuka. Akasogea mbele, akapunga mikono mpaka wakamtazama wote, kisha akatoa sentensi aliyoifanyia mazoezi usiku kucha: Mimi ni mwalimu wenu mpya. Kwa ishara ya “mwalimu” kitabu kilionyesha mikono miwili karibu na kipaji cha uso. Mishale haikuwepo. Twahiru alinyoosha vidole viwili kila upande na kuvipandisha juu, kwa fahari.

Halafu darasa zima likalipuka. Watu hudhani watoto viziwi hucheka kimyakimya. Twahiru alijua siku hiyo kwamba si kweli hata kidogo. Msichana wa mstari wa mbele, Umuhire, wa miaka kumi na miwili, alipanda juu ya dawati akamwonyesha alichosema: vidole viwili kila upande, juu. Kisha akachora ubaoni ili pasiwe na shaka. Alichora mbuzi.

“Mimi ni mbuzi wenu mpya,” ndivyo alivyokuwa amewaambia.

Wakampa jina siku hiyohiyo, kwa sababu kila mtu kati yao ana jina la ishara. Lake lilikuwa kiganja kinachofunguka na kujifunga mbele ya kinywa, haraka haraka. Twahiru alilipenda sana. Alidhani maana yake ni mtu mwenye ufasaha. Aliwaonyesha nyumbani, Mama Fatuma naye akawaonyesha majirani. Ilikuwa wiki ya pili alipouliza, na Umuhire akamwandikia kwenye kibao: “Mdomo haupumziki.”

Maana kweli haukupumzika. Mikono yake ilikuwa inasema kitu kimoja na mdomo kingine, na alipogeuka kuandika ubaoni mdomo uliendelea kueleza. Kila alasiri Mama Nyiransengimana alimkabidhi ukurasa kutoka daftari lake. Twahiru, aliyeleta kutoka chuoni mpango wa somo wenye kurasa kumi na nne, alisoma kurasa hizo akiwa amekaa kwenye jiwe nje ya shule.

“Leo umeongea na ubao robo saa. Ubao pia hausikii.”

“Usiwapigie kelele. Ndiyo, mikono hupiga kelele. Umeangusha chaki na miwani ya mtoto.”

“Maana saba za uziwi ni nzuri. Watoto walikuwa wanataka kwenda msalani.”

Jioni moja akamwandikia Mama Nyiransengimana swali refu: afanyeje, chuo hakijamfundisha hili, na zimebaki wiki tano. Mama alisoma, akacheka kwa mabega, akajibu kwa mistari miwili. “Ijumaa tunaenda soko na darasa. Kutoka saa mbili hadi saa sita, hutasema neno moja kwa mdomo.”

Twahiru akasoma tena. Asubuhi nzima. Tangu azaliwe hakuwahi kukaa hivyo akiwa macho.

Ijumaa wakaenda. Somo lilikuwa kununua samaki wadogo wa ziwani, sambaza, kwa ajili ya chakula cha shule. Watoto walitangulia wakizungumza kwa mikono, Mama Nyiransengimana katikati, Twahiru nyuma, midomo ameikaza kama mtu mwenye jino bovu. Rafiki yake wa zamani wa magodoro alimwita kutoka ng'ambo ya barabara. Twahiru akapunga mkono tu. Rafiki akasimama, akamtazama akipita, kisha akapiga simu nyumbani kwa kina Twahiru kuuliza kama kuna msiba.

Kwenye meza za sambaza walikuwapo wanawake wawili. Kahindo ndiye mwenye beseni kubwa, na jirani yake alikuwa anasuka ukili. Waliona mikono inaruka, wakajua hawa ni viziwi, na wakaanza kuongea kama watu walio peke yao.

“Angalia ule mwanaume,” Kahindo alisema. “Kijana muzuri hivi, na ni bubu. Pole yake.”

“Pole ya nini, Kahindo?” jirani akajibu. “Bwana wangu anasema kutoka asubuhi mpaka anasinzia. Ule akikuoa, unapumzika.”

Twahiru akaangalia ziwa. Masikio yakaanza kumwaka moto.

“Ana meno mazuri.”

“Na viatu bimepakwa rangi. Bubu mwenye kupaka viatu, utamupata wapi tena?”

Angevumilia hayo. Kusema kweli alikuwa ameanza kuyafurahia. Lakini Umuhire alipoonyesha kwa vidole kwamba wanataka vikombe kumi, jirani akainama na kusema kwa sauti ya chini, bila sababu ya kuishusha:

“Pimia na kile kikombe kingine. Chenye kitako. Hawatajua, hawasikie.”

Kahindo akasita kidogo, akaingiza mkono chini ya meza, akatoa kikombe kinachofanana na cha kwanza kwa kila kitu.

Neno likapanda kooni kwa Twahiru kama soda iliyotikiswa. Akamtazama Mama Nyiransengimana. Mama alikuwa anamtazama yeye, na jicho lake lilisema waziwazi kwamba saa sita bado. Akashusha pumzi puani. Umuhire, ambaye huzisoma sura za watu kama wengine wanavyosoma mabango, akamvuta shati: Una nini?

Akamjibu kwa mikono, mbele ya tumbo, midogo, bila kupiga kelele: Kikombe kibaya. Ndani, chini, kuna kitu. Mama huyu amesema ninyi hamtajua.

Hakufikiri ishara hata moja. Ilipokwisha tu ndipo alipogundua kwamba Umuhire hakumuuliza tena, hakucheka, hakumpandia dawati. Alikuwa ameelewa yote.

Msichana akageuka. Akachukua kikombe kutoka mkononi mwa Kahindo, kwa adabu sana, akakitazama ndani, akaingiza vidole, na kuvuta. Kikatoka kipande cha sifongo kilichofungwa kwa plastiki, kinene kama andazi. Akakiweka katikati ya meza, juu ya sambaza, ili kila mtu akione. Watoto kumi na wanne wakakunja mikono vifuani, wakamtazama Kahindo. Hakuna anayejua kutazama kama mtoto kiziwi.

Kahindo akapima vikombe kumi kwa kikombe cha kweli, akavijaza mpaka samaki wakateleza, akaongeza cha kumi na moja bila kuombwa. Jirani yake alikuwa amepata shughuli kubwa sana kwenye ukili.

Walisubiri hapo, maana Mama Nyiransengimana alikuwa ananunua limau. Saa sita ilipofika alimwonyesha Twahiru saa yake ya mkononi, akaitikia kwa kichwa kumruhusu. Twahiru akawainamia wale wanawake.

“Mama Kahindo,” akasema, kwa sauti ambayo ilisikika mpaka kwenye boti, “aksanti sana kwa ile neno ya meno.”

Kahindo alishika kifua. Jirani alidondosha ukili. Inasemekana tangu siku hiyo pale sokoni hawamsengenyi bubu yeyote mpaka kwanza wamempigia mluzi mgongoni.

Baada ya soko mambo yalibadilika, si yote, lakini mengi. Mpango wa kurasa kumi na nne ukawa wa kurasa mbili. Twahiru alijifunza kusimama mahali mwanga unapomwangukia usoni, kungoja macho yafike kabla ya kuanza, kumaliza kuandika na ndipo kugeuka na kusema. Watoto wakamrekebishia mishale yake yote iliyofutika. Bado aliangusha chaki.

Siku ya somo la mtihani Profesa Zihindula alikuja na walimu wengine wawili wa chuo, wote na tai. Waliketi nyuma kwenye vidawati vya watoto, magoti yakigusa videvu, kila mmoja na karatasi ya alama. Twahiru akafundisha hesabu za sehemu, yaani nusu na robo, kwa kugawa chapati tatu za kweli, dakika arobaini na tano, hakuna sauti ila ya mikono na vicheko. Umuhire alibishana naye kuhusu robo na nusu ya nusu, akashinda, akala ushahidi.

Wale watatu hawakuelewa kitu. Walinong'onezana, wakachungulia, wakafuata kichwa cha huyu na cha yule kama watu wanaotazama mechi bila kujua timu. Mwishoni mmoja akasimama na kuuliza kwa Kifaransa kizuri kama kuna mwanafunzi anayeweza kufupisha somo. Hakuna aliyegeuka. Akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Umuhire alimgusa Twahiru mkono. Wageni wako, akasema kwa ishara, wana shida gani? Hawasikii?

Hawasikii, Twahiru akajibu.

Maskini, akasema Umuhire. Akaenda mbele, akawaeleza somo lote upya, polepole, kwa ishara kubwa za watoto wa chekechea, na Twahiru akasimama kando yake akiwatafsiria kwa sauti.

Alipata alama kumi na nne kwa ishirini. Alitegemea zaidi, akaomba kuona karatasi. Mstari wa tisa uliandikwa: “Sauti ya mwalimu: inasikika vizuri darasa zima.” Hapo wote watatu walikuwa wamempa sifuri. Twahiru Mbaraka, ambaye kioo cha Keshero kilimtetemekea, alikuwa ameshindwa kwa sababu ya sauti.

Mama Fatuma alicheka mpaka akakaa chini. Papa Mbaraka alitaka kwenda chuoni kwa lori. Lakini aliyekwenda ni Mama Nyiransengimana. Askari wa lango alimkalisha dakika ishirini huku akiita jina lake kutoka kwenye orodha, mara tisa, na yeye ameketi mbele yake akila limau. Alipofika kwa Profesa Zihindula alifungua daftari, akaandika ukurasa mmoja, akauchana, akamwachia mezani. Hakuna aliyeusoma ila profesa. Alama haikubadilika, kwa kuwa ilikwishapigwa muhuri. Ila mstari wa tisa ulitolewa, na muhula uliofuata Mama alialikwa kufundisha lugha ya ishara kila Jumatatu, na Twahiru, aliyekuwa ameajiriwa tayari kule Keshero, awe mkalimani wake.

Jumatatu ya kwanza wanafunzi wapya walikuwa wanane. Mama alisimama mbele yao, akaanza, na mikono yake ilikwenda mbio. Alisema kwamba wamekaa kama viazi, kwamba mmoja anatafuna ubani, kwamba mwenye kofia anamtazama Twahiru badala ya kumtazama yeye anayezungumza, na kwamba wakienda mbele ya watoto wake na nyuso hizo za mbao watapewa majina ambayo hawatayapenda.

“Mama anawasalimu,” Twahiru akatafsiri. “Anasema karibuni, amefurahi kuwaona.”

Wanafunzi wakatabasamu. Mama Nyiransengimana akawatazama wakitabasamu, uso mmoja baada ya mwingine. Akamtazama Twahiru. Kisha akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: “TAFSIRI YOTE.”

Twahiru akakohoa, akarekebisha shati, akaanza na viazi.